Amarillo: chuo cha Marekani kilichopata zawadi kwa kuuliza sababu wanafunzi wanaacha masomo

Mwezi wa nne 2023, vyuo viwili vya jamii vya Marekani vilitangazwa kuwa bora kuliko vingine vyote vya aina yao katika inchi hiyo: Amarillo College cha jimbo la Texas, na Imperial Valley College cha jimbo la California. Zawadi hiyo hutolewa na shirika la Aspen Institute kila miaka miwili tangu 2011, na jumla yake ni dola milioni moja. Vyuo zaidi ya 1,000 vilikuwa katika hesabu ya mwanzo. Kumi vilibaki mwishoni, na hivi viwili vikagawana nafasi ya kwanza.

Hakuna kati yao chenye jina kubwa. Amarillo ni mji wa wakaaji karibu 200,000, kaskazini kabisa mwa Texas, unaojulikana kwa ng'ombe na viwanda vya nyama. Imperial Valley ni bonde la mashamba katikati ya jangwa, karibu na mpaka wa Mexico, mahali ambapo ukosefu wa kazi ni mkubwa tangu zamani. Wanafunzi wao wengi si watoto wa matajiri. Wengi ndio wa kwanza katika familia yao kuingia chuoni.

Ushindi wa Amarillo unastahili kuangaliwa kwa karibu, hasa na wazazi, walimu na wanafunzi wa Bukavu, Goma, Butembo, Bunia na Uvira. Chuo hicho hakikuchagua wanafunzi wenye akili kuliko wengine, wala hakikujenga majumba ya fahari. Kiliuliza swali moja ambalo vyuo vingi haviulizi: wanafunzi walioanza na hawapo tena, walikwama wapi?

Chuo kinachopokea kila mtu

Chuo cha jamii ni chuo cha serikali kinachofundisha hasa miaka miwili ya mwanzo baada ya sekondari. Cha kwanza cha umma kilifunguliwa Joliet, jimbo la Illinois, mwaka wa 1901. Mwaka wa 1947, tume iliyowekwa na Rais Harry Truman ilipendekeza vyuo hivyo vienezwe katika inchi yote, ili mtu asome karibu na nyumbani bila kulipa pesa nyingi. Amarillo College kilikuwa kimekwisha kufunguliwa tangu 1929. Leo kinahesabu wanafunzi karibu 10,000.

Mwanafunzi anaweza kufata njia mbili. Wengine wanajifunza kazi ya mikono au ya ofisi: uuguzi, kuunganisha vyuma, kutengeneza ndege, hesabu za biashara. Wengine wanafanya miaka miwili, kisha wanaenda kumalizia kwenye chuo kikuu, na masomo waliyokwisha kufaulu yanahesabiwa huko. Minervali ni karibu dola 4,000 kwa mwaka, ukichukua vyuo vyote vya jamii vya inchi pamoja. Kwa kipimo cha Marekani, hiyo ni bei ya chini. Tena mlango uko wazi: hakuna mtihani wa kuwachuja watu na kuwarudisha nyumbani.

Lakini mlango wazi una upande wake mwingine. Wanaoingia ni wengi, na wanaotoka na diploma mkononi ni wachache. Kwa miaka mingi, vyuo vya jamii vilisifiwa kwa idadi ya waliojiandikisha. Zawadi ya Aspen ilikuja na kipimo tofauti. Inaangalia ni wangapi kati ya walioanza wamemaliza, ni wangapi wameendelea hadi chuo kikuu, ni wangapi wamepata kazi yenye mshahara wa kuwatosha, na kama maskini na watu wa makabila yaliyoachwa nyuma wanafaulu sawa na wengine.

Jibu ambalo walimu hawakulitarajia

Zaidi ya miaka kumi iliyopita, viongozi wa Amarillo College waliwauliza wanafunzi wao mambo yanayowazuia kufaulu. Mmoja wa viongozi hao alikuwa Russell Lowery-Hart, aliyekuwa akisimamia masomo, na ambaye mwaka wa 2014 alikuwa rais wa chuo. Walimu walingoja kusikia kwamba hesabu ni ngumu, vitabu havieleweki, au mwalimu anakwenda mbio.

Katika sababu kumi za kwanza, hakuna hata moja iliyohusu masomo. Wanafunzi walitaja chakula, kodi ya nyumba, usafiri, mtu wa kubaki na mtoto wakati wa darasa, dawa, na mengine ya maisha ya kila siku. Ilionekana kwamba mtu anaacha chuo sababu gari lake limepasuka gurudumu na hana pesa za kununua lingine. Katika mji kama Amarillo, ambako kila kitu kiko mbali na mabasi ni machache, mtu asiye na gari anakosa kazi na darasa siku hiyohiyo.

Chuo kikachora picha ya mwanafunzi wake wa kawaida kufatana na hesabu zake chenyewe, kikampa jina Maria. Maria ni mama wa umri wa miaka 27 hivi, mzaliwa wa familia yenye asili ya Amerika ya Kilatini. Ana mtoto, anafanya kazi mbili, na hawezi kuchukua masomo yote ya muhula kwa pamoja. Wazazi wake hawakusoma chuo. Maria si mtu mmoja aliye hai. Ni hesabu iliyopewa jina la mtu. Tangu hapo, kila uamuzi ulianza kupimwa kwake. Ofisi ikifungwa saa kumi na moja jioni, Maria anayetoka kazini saa kumi na mbili atahudumiwa na nani? Karatasi ya kuomba msaada ikiwa na kurasa nyingi, ataijaza saa ngapi?

Wafanyakazi walibadilisha kazi yao

Hapa ndipo sifa za wanafunzi na sifa za wafanyakazi zinapokutana. Chuo kilifungua kituo cha kusaidia wanafunzi, chenye watu waliosomea kazi ya huduma za jamii. Humo kuna ghala ya chakula na nguo. Mwanafunzi anaingia, anaeleza shida yake, anapata chakula cha nyumbani, au anapelekwa kwa shirika la mji linaloweza kumsaidia kuhusu nyumba, daktari au mwanasheria. Pia kuna mfuko wa dharura unaotokana na michango ya watu wa mji. Mfuko huo unaweza kulipa umeme uliokatwa, kodi ya mwezi mmoja, au matengenezo ya gari, na pesa zinatolewa haraka.

Watafiti waliofuatilia kazi hiyo waliona jambo dogo lenye maana. Wanafunzi wengi walikuwa na haki ya kusaidiwa lakini hawakuwa wakifika. Wengine hawakujua kituo kipo, wengine waliona haya. Chuo kilipoanza kuwaandikia moja kwa moja wale wenye kipato cha chini, kikiwaeleza kituo kiko wapi na kinafanya nini, waliofika waliongezeka. Msaada uliofichwa nyuma ya mlango uliofungwa ni kama hakuna msaada.

Mabadiliko hayo hayakuishia kwenye kituo kimoja. Wafanyakazi wote walifundishwa kuhusu umaskini na namna unavyomchosha mtu akili: walimu, watu wa kaunta ya malipo, watunza maktaba. Lowery-Hart mwenyewe alienda kulala nje siku chache katika mji wa Waco, pamoja na watu wasio na makao, kwa mafunzo ya shirika moja la huko, ili aone maisha hayo kwa macho yake. Katika chuo, mwalimu akiona mwanafunzi anakosa darasa, anahimizwa kuuliza sababu.

Kuna waliouliza kama kulisha watu ni kazi ya chuo. Jibu la Amarillo lilikuwa la mahesabu pia. Mwanafunzi akiacha katikati ya mwaka, chuo kinapoteza minervali yake, serikali inapoteza pesa iliyokwisha kutumia kwake, na mji unakosa muuguzi au fundi. Gurudumu moja la gari ni bei ndogo mbele ya hasara hiyo yote.

Majuma 8 mahali pa 16

Uamuzi mwingine ulihusu kalenda. Muhula wa kawaida wa chuo cha Marekani unachukua majuma 16, na mwanafunzi anabeba masomo manne au matano kwa wakati mmoja. Amarillo kiliyahamisha masomo mengi hadi vipindi vya majuma 8. Mwanafunzi anachukua masomo mawili, anayamaliza, kisha anachukua mengine mawili.

Kwa mtu anayefanya kazi na kulea, tofauti ni kubwa. Mtoto akiugua katika juma la kumi la muhula mrefu, mama anaweza kupoteza masomo yote matano na pesa aliyolipa. Katika muhula mfupi, anapoteza mawili tu, na baada ya majuma machache anaweza kuanza tena bila kungoja mwaka mwingine. Tena akili haitawanyiki katika vitabu vitano baada ya kazi ya usiku. Lakini walimu walilazimika kuandika upya masomo yao, kwa sababu huwezi kubana majuma 16 ndani ya 8 kwa kusema mbio tu. Hiyo ni kazi ambayo hakuna anayeipigia makofi siku ya sherehe, ingawa sherehe imetoka humo.

Matokeo yalionekana. Idadi ya wanafunzi wanaomaliza au kuendelea hadi chuo kikuu ilipanda, na hiyo ndiyo iliyowaleta waamuzi wa Aspen. Mwaka huohuo wa 2023, Lowery-Hart aliondoka kwenda kuongoza Austin Community College, chuo kikubwa zaidi cha jamii katika mji mkuu wa Texas.

Namna wanavyosifu waliofaulu

Vyuo vya jamii vya Marekani vina desturi zao za kutoa heshima. Tangu 1918 kuna chama kinachoitwa Phi Theta Kappa, kilichoanzia jimbo la Missouri, kinachopokea wanafunzi wa vyuo vya miaka miwili wenye alama za juu, wale ambao Bukavu ama Goma wangesemwa wamepata distinksyo. Kuingia katika chama hicho kunafungua njia ya bursi nyingi. Kuna pia bursi ya Jack Kent Cooke, inayoweza kufika dola 55,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi anayehama kutoka chuo cha jamii kwenda chuo kikuu.

Walimu hawasahauliwi. Katika Texas, shirika la Minnie Stevens Piper linachagua kila mwaka maprofesa kumi wa jimbo zima. Walimu wa vyuo vya jamii wanashindana hapo pamoja na wale wa vyuo vikuu vyenye majina makubwa, na kinachopimwa ni ufundishaji wao. Jill Biden, mke wa rais wa zamani Joe Biden, aliendelea kufundisha katika chuo cha jamii cha Northern Virginia hata alipokuwa akiishi ikulu. Hakuna mke wa rais aliyemtangulia ambaye alibaki na kazi yake ya mshahara nje ya ikulu.

Na wako waliopita katika vyuo hivyo wakafika mbali. Eileen Collins alisoma chuo cha jamii cha Corning, jimbo la New York, na mwaka wa 1999 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chombo cha anga cha Marekani cha aina ya shuttle. Craig Venter, mmoja wa wanasayansi waliosoma kwa mara ya kwanza ramani ya urithi wa mwanadamu, alirudi masomoni kupitia College of San Mateo, California, baada ya kutumika katika vita vya Vietnam. Mwigizaji Tom Hanks alianzia Chabot College, na mwaka wa 2015 aliandika gazetini kwamba chuo hicho ndicho kilichomtengeneza.

Wacongomani katika madarasa hayo

Habari hii inazigusa familia nyingi za mashariki mwa Congo. Katika mwaka wa bajeti wa 2023, Marekani ilipokea wakimbizi 18,145 kutoka Congo, kati ya 60,014 wa dunia nzima. Mwaka uliofuata walikuwa 19,923. Wengi walitoka kambi za Tanzania, Burundi, Rwanda na Uganda, baada ya kukimbia vita vya Kivu na majimbo ya jirani. Mwezi wa kwanza 2025, serikali ya Rais Donald Trump ilisimamisha mpango huo, lakini waliokwisha kufika wako huko, na Texas ni moja ya majimbo yaliyowapokea wengi.

Kwao, chuo cha jamii mara nyingi ndicho mlango wa kwanza. Kijana aliyemaliza sekondari kwa Kifaransa anaanzia darasa la Kiingereza. Mama aliyepoteza karatasi zake njiani anaweza kutayarisha cheti cha kulingana na sekondari. Mkimbizi aliyepokelewa kisheria ana haki ya kuomba msaada wa masomo wa serikali uitwao Pell, ambao mwaka wa 2023 ulifika hadi dola 7,395, zaidi ya minervali ya chuo cha jamii. Na kwa miaka miwili ya uuguzi, aliyefaulu mtihani wa serikali anaweza kuandikishwa kuwa muuguzi kamili.

Hata hivyo, mizigo ni ileile ya Maria, na mwingine juu. Kazi ya kwanza ya wengi ni kiwanda, mara nyingi usiku. Gari halipo. Kule Congo kuna ndugu wanaongoja pesa ya chakula mwisho wa mwezi. Katika hali hiyo, chuo kinachouliza mtu amekula nini kinaweza kumfikisha kwenye diploma kijana ambaye chuo kingine kingempoteza bila hata kumjua.

Funzo lisilohitaji dola milioni

Ni wazi kwamba Amarillo si Bukavu. Chuo cha Texas kina matajiri wanaochangia na serikali inayolipa mishahara. Mashariki mwa Congo, vita vilifika Goma mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili. Benki zilifunga milango, masomo yakasimama mahali pengi, na familia zilizokuwa zikilipa chuo kwa shamba au kwa biashara ndogo zikakosa vyote viwili.

Lakini swali la Amarillo halilipiwi. Katika ISP, ISTM, ISDR na vyuo vikuu vya eneo hili, kila mwanafunzi anajua orodha ya vizuizi: minervali, pesa ya enrolema kabla ya mtihani, silabusi, usafiri wa staji, kuchapisha kazi ya mwisho, na pesa ya kuitetea. Mara nyingi kiasi kinachomzuia mtu si cha mwaka mzima. Ni cha sehemu moja ya mwisho, tena siku ya mtihani yenyewe. Anarudishwa mlangoni mtu aliyesoma miezi tisa, na mwaka wake wote unaanguka.

Yako mambo ambayo chuo chochote kinaweza kufanya bila mfadhili. Kinaweza kuhesabu walioacha na kuwapigia simu. Kinaweza kuwauliza sababu, na kuziandika kwa mpangilio, badala ya kudhani kwamba walikuwa wavivu. Kinaweza kutangaza malipo yote mwanzoni mwa mwaka ili mzazi ajipange, na kukubali kulipwa kidogokidogo. Wanafunzi wa zamani waliopata kazi wanaweza kuanzisha kisanduku kidogo cha dharura, kwa namna ya likelemba ambayo akina mama wa masoko wanaijua vizuri, cha kumwokoa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliyebakiwa na deni dogo. Masomo ya mwanafunzi mwenye mtoto mchanga yanaweza kupangwa upya bila kumdharau.

Siku ya kutoa diploma ni siku kubwa katika kila mtaa wa Kivu na Ituri. Watu wanamwagiana poda kichwani, toga zinaazimwa, kuku anachinjwa, na mzazi aliyeuza ng'ombe wa mwisho analia bila haya. Furaha hiyo ni ya haki, na waalimu waliofundisha miezi mingi bila mshahara wanastahili sehemu yao. Kipimo kilichoifikisha Amarillo mbele ya vyuo vyote kinaongeza hesabu moja tu kwenye sherehe: kiongozi anaposoma majina ya waliomaliza, asome pia idadi ya walioanza nao, na aeleze chuo kimefanya nini kuwatafuta waliokosa. Tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo kazi inayongoja wafanyakazi wa chuo kesho yake asubuhi.